Mpangaji na kodi zake: namna ya kupiga bosanova na bendi ndogo ya Mtwara

Kwanza nimalize utani, maana mpwa wangu hauachi. Mpangaji ninayemsema hapa hakupanga chumba, alipanga muziki. Na kodi zake si za nyumba, ni zile sauti tatu au nne unazobonyeza kwa pamoja kwenye kinanda. Wanamuziki wa dansi tunaziita kodi tangu zamani na mimi sina haja ya neno jingine.

Miaka sita iliyopita bendi yetu ilipata kazi ya Jumamosi kwenye hoteli moja ya Shangani, pale pale ufukweni. Tulikuwa tumetoka msimu wa korosho, ambao kwetu ndio msimu wa harusi, na vidole vyetu vilikuwa vinajua kitu kimoja: sebene. Wageni wanakula samaki changu, sisi tunachemsha. Ilipofika saa mbili na nusu meza zilikuwa tupu. Meneja akanifuata kwenye kinanda, akaniambia kwa adabu kabisa, "Mzee wangu, mtu akila anataka kusikizana na mwenzake. Kama Jumamosi ijayo ni hivi tena, bora mpumzike nyumbani."

Nilirudi kwangu Magomeni ya hapa Mtwara, nimenuna. Nilipolala ndipo nikakumbuka redio ya mjomba wangu. Kijijini kwetu, karibu na Ruvuma, redio ile ilishika stesheni za Msumbiji vizuri kuliko za Dar es Salaam, na usiku zilikuwa zinapigwa nyimbo za Kireno cha Brazili, za sauti ya chini, mtu anaimba kama anayezungumza na mtoto aliyelala. Hakuna aliyecheza. Lakini mjomba alikuwa haizimi redio mpaka ziishe, na betri zilikuwa ghali.

Huo ndio muziki wa watu wanaokula, bosanova ya Brazili. Maelezo haya ni ya mwenzangu mwenye bendi ya watu wanne au watano, anayejua dansi, taarabu au kwaya, anayetaka kuupiga bila kuharibu.

Shika mwalimu mmoja

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupakua kila kitu. Bando la usiku, nyimbo mia mbili, kumbukumbu ya simu ikajaa. Mwezi ukaisha najua majina mengi na siwezi kupiga wimbo hata mmoja. Ukiingia kwenye bosanova utapokewa mlangoni na watu wawili: Antônio Carlos Jobim, mtunzi na mpiga piano wa Rio de Janeiro, na João Gilberto wa Bahia, mwenye gita na sauti, ambaye rekodi yake ya mwaka 1958, iliyopangwa na Jobim, ndiyo watu wanayohesabia mwanzo wa mtindo huu. Wasikilize wote wawili. Lakini kama chombo chako ni kinanda, kaa na João Donato.

Mimi nilimchagua kwa sababu ya ramani tu. Alizaliwa tarehe 17 Agosti 1934 huko Rio Branco, jimbo la Acre, kwenye kona ya mwisho ya Brazili upande wa magharibi, misitu ya Amazon. Ukimwambia mtu wa Dar unatoka Mtwara anashika kichwa, "Mbali huko!" Nikaona huyu ni mwenzetu. Baba yake alikuwa rubani, chombo chake cha kwanza kilikuwa akodiani, na mwaka 1945 familia ilihamia Rio. Mwaka 1949, ana miaka kama 15, tayari alikuwa anarekodi na kundi la mpiga filimbi Altamiro Carrilho. Mpwa wangu ana miaka 22 na hajarekodi chochote, kwa hiyo nikifika hapa huwa ananiambia, "Mjomba, endelea mbele."

Kufuata maisha ya mtu mmoja kwa mpangilio wa rekodi zake kuna faida ambayo rundo la nyimbo halina: unamwona anavyobadilika, na unajua kila kitu amekitoa wapi. Rekodi yake ya 1956, iliyosimamiwa na Jobim kabla Jobim mwenyewe hajawa na jina, ni ya kuchezea watu kwenye ukumbi wa chai. Isikilize mara moja, inatosha. Baada ya hapo kazi za Rio zikawa zinamkwepa, maana mapigo yake yaliwachanganya wenzake, na mwaka 1959 akaenda Marekani. Huko hakukaa na watu wa jazi peke yao. Alipiga na bendi za Kilatini: Mongo Santamaría, Tito Puente, Cal Tjader. Yaani alikwenda kupiga piano katikati ya tumba za Kikuba. Hapo ndipo watu wa dansi tunapopata undugu naye, kwa sababu dansi letu lenyewe limekulia kwenye santuri za Kikuba. Ule mkono wake wa kushoto unaokata kata, wewe unaujua tayari. Unachohitaji ni kuupunguza sauti.

Rekodi za kukaa nazo ni zile mbili alizotoa mwaka 1963, aliporudi Rio kwa muda. Moja inaitwa Muito à Vontade. Fundi cherehani mmoja hapa mjini, mzaliwa wa Msumbiji, aliniambia maana yake ni kama kusema "jisikie uko kwako." Wako wanne tu: Donato kwenye piano, Tião Neto kwenye besi, Milton Banana kwenye dramu, Amaury Rodrigues kwenye ngoma za mkono. Wanne! Nami nilikuwa nao wanne. (Jina la Banana lilimchekesha mpwa wangu wiki nzima, mpaka alipojaribu kupiga kama yeye.) Sikiliza rekodi hiyo kwa spika za masikioni, na kila mara fuata mtu mmoja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilipomfuata Donato nilifanya kazi ya ajabu kidogo: nilihesabu anaponyamaza. Anapiga kipande kifupi, ananyamaza, anakirudia kile kile, ananyamaza. Mimi kwenye ukimya ule ningekuwa nimeshaweka noti ishirini.

Rekodi nyingine zipite haraka. Ya 1965 ilipangwa na Claus Ogerman, ina vyombo vya nyuzi, fidla na wenzake, vinavyoingia pale piano inapoacha nafasi, na hiyo nafasi ndiyo ya kusikiliza. Ya mwaka 1970, A Bad Donato, aliyosaidiwa mipango na Mbrazili mwenzake Eumir Deodato, ni ya vinanda vya umeme na moto mtupu. Ninaipenda sana, lakini ukiipiga wakati wageni wanakula meneja atarudi. Ya 1973, Quem é Quem, itafute, maana humo Donato anaimba kwa mara ya kwanza. Sauti yake ni ndogo, haina madoido, kama ya jirani anayeimba akifua. Vipande vyake vingi vilianza bila maneno, kisha washairi kama Gilberto Gil na Caetano Veloso wakaja kuviandikia. Hilo nitalirudia kwenye wimbo wetu.

Pigo lenyewe

Sasa shika kijiti. Hesabu kumi na sita, taratibu, sawasawa, kisha piga kwenye 1, 4, 7, 11 na 14. Rudia bila kusimama. Hilo ndilo pigo utakalolisikia kwenye ukingo wa snea, ile ngoma ndogo ya dramu, katika bosanova nyingi duniani. Vidole vyako vya dansi vitataka kupiga 13 badala ya 14, na vitataka kupiga 10 au 12 badala ya 11. Vikatalie. Kwenye 11 ndipo watu wetu wote wanapoanguka. Mpwa wangu aliangukia hapo wiki tatu. Niliishia kumtembeza ufukweni Shangani, mguu mmoja kwa kila hesabu nne, mkono ukipiga paja. Miguu ikishika 1, 5, 9 na 13 yenyewe, mkono unapata mahali pa kukwepa.

Ukishalishika, usilifanye sheria. Wabrazili wenyewe hawalipigi kama saa ya ukutani. Linabadilika, linageuzwa, nusu ya pili inaanza kabla ya ya kwanza. Lakini anayetaka kugeuza shati lazima kwanza awe nalo.

Asili ya yote haya ni samba, na samba ina ngoma kubwa inayokanyaga chini, surdo, na kingoma kidogo cha kijiti kinacholia juu, tamborim. João Gilberto alichukua hizo mbili akaziweka kwenye gita moja: kidole gumba kinakanyaga kama surdo, vidole vitatu vya juu vinadonoa kodi kama tamborim. Sisi watu wa huku tusishangae. Ukisimama kwenye ngoma ya Kimakonde, iwe sindimba au ngoma ya mapiko, unasikia kitu hicho hicho: ngoma kubwa inatuliza ardhi, vile vingoma vidogo vya fimbo nyembamba vinaongea juu yake. Nilipomwambia mpiga tumba wetu, "Bwana, wewe ndiye yule wa vingoma vidogo, besi ndiye ngoma kubwa," hakuniuliza swali tena. Kabla ya hapo nilikuwa nimemchorea mistari kwenye karatasi siku mbili.

Besi ni rahisi na ndiyo maana ni ngumu. Anaimba duuum-du-duuum-du, sauti ya kwanza kwenye msingi wa kodi, duuum ya pili kwenye sauti ya tano. Kodi ya do anakwenda do na so, basi. Mpiga besi wetu alilalamika kwamba anaonekana hajui kazi. Nilimwambia avumilie mpaka mwisho wa mwezi, posho ikitoka ndipo aseme.

Kwenye dramu tatizo letu lilikuwa fimbo. Fimbo za kawaida zinapiga kelele, na zile za brashi hapa Mtwara sikuzipata. Tulichukua ufagio wa chelewa, tukakata njiti kama thelathini kwa kila mkono, urefu wa shubiri moja na nusu, tukafunga kwa mpira wa baiskeli. Mkono wa kulia unafagia kwenye ngozi ya snea bila kukoma, wa kushoto umeshika kijiti kimoja tu cha kugonga ukingo: 1, 4, 7, 11, 14. Chelewa huvunjika, kwa hiyo tengeneza jozi tatu kabla ya kwenda kazini.

Kodi, na vidole viwili

Nimefundishwa muziki kwaya ya parokia, upande wa Ndanda, kwa do re mi. Nitaeleza hivyo hivyo.

Kodi ya dansi ina sauti tatu: do, mi, so. Kodi ya bosanova inaongeza ya nne: do, mi, so, ti. Ukitaka utamu zaidi weka re juu. Usiogope ti kukaribiana na do. Ukizipiga polepole ule ukali unageuka kuwa kitu kama ukungu wa asubuhi baharini Mikindani. Sasa safari inayorudi kwenye kila wimbo wa namna hii ni ya kodi tatu: re-fa-la-do, kisha so-ti-re-fa, kisha unatua nyumbani, do-mi-so-ti.

Mpiga kinanda wa kwaya atazipiga zote kwa vidole vinne, mkono ukiruka huku na huko. Usifanye hivyo. Msingi ni wa besi, mwachie. Mkono wako wa kushoto upige sauti mbili tu: fa na do. Halafu do ishuke nusu sauti iwe ti, fa ibaki: fa na ti. Halafu fa ishuke nusu sauti iwe mi, ti ibaki: mi na ti. Umepita kodi tatu na mkono umesogea kiasi cha kucha. Jaribu sasa hivi, hata kwenye kinanda cha simu. Siku niliyogundua hili nilipiga mpaka mke wangu akauliza kama kinanda kimeharibika, kwa nini kinalia kitu kimoja.

Sauti mbili hizo zidonoe kama kingoma kidogo. Usizishikilie. Hapo ndipo Donato alipo: mkono wa kushoto ni ngoma yenye noti.

Wimbo wa mama

Tulianza kwa kupiga kopi, kama kila bendi, na hakuna ubaya. Lakini Kireno changu ni cha kubabaisha, na yule fundi cherehani alipokuja siku moja kutusikiliza aliniambia neno moja nililoimba halikuwa neno la lugha yoyote. Ndipo nikachukua wimbo wa kwetu.

Hapa niweke neno. Usichukue wimbo wa unyago ukaupeleka hotelini. Najua una midundo mizuri. Uache ulipo.

Mimi nilichukua kasauti alichokuwa anaimba mama yangu akibangua korosho, hakina hata beti, ni so-la-do, so-la-do, re-do-la. Sauti nne tu za juu na chini, kama nyimbo nyingi za huku. Kasauti kifupi kama hicho ndicho kinachofaa, kwa sababu mtindo wa Donato ni huo: wimbo haubadiliki, kinachobadilika ni ardhi chini yake. Nikaweka so-la-do ya kwanza juu ya kodi ya do. Ya pili, ile ile, juu ya kodi ya la, la-do-mi-so. Inasikika kama mama amegeuza uso. Ya tatu juu ya re-fa-la-do. Kila mara do ya mwisho ina ladha nyingine: kwenye kodi ya do ni nyumbani, kwenye ya la ni ya tatu, kwenye ya re ni ya saba, inaning'inia.

Nilikwama kwenye kodi ya so. Ina ti ndani yake, na wimbo unashikilia do; zikikutana zinagombana vibaya. Siku mbili nilitaka kubadili wimbo wa mama. Dawa ni kuondoa ti. Besi akae kwenye so, wewe mkono wa kushoto upige fa na la, do ya wimbo ikae juu yake kwa amani. Ukiwa tayari kutua ndipo uifungulie ti, pigo moja kabla ya nyumbani. Nikupe onyo: hicho ndicho kipande ambacho wageni huinua uso kutoka kwenye sahani.

Sasa kupanga nani aingie lini. Wa kwanza kabisa awe gita peke yake, nyuzi za nailoni kama unalo, duru nzima. Besi aingie duru ya pili. Chelewa duru ya tatu. Mimi wa kinanda huwa sipigi chochote mpaka duru ya nne, nimekaa nimekunja mikono, na kuna mgeni aliwahi kuniuliza kama nimechoka. Tumba aingie katikati tu na atoke. Mwimbaji wetu ni mke wa mpiga gita. Alikuwa anaimba taarabu na ana kifua. Nilimwomba aimbe kama anayemuuliza mtoto kama amelala. Maneno tuliyaandika mwisho, yeye na mimi, baada ya wimbo kukaa mwezi mzima bila maneno. Tulifuata njia ya Donato, na kweli maneno yalikuja mepesi, kwa sababu tulijua tayari wapi wimbo unapumua.

Solo iwe duru moja. Moja. Mpwa wangu ana vidole vya sebene na anaweza kupiga solo mpaka bajaji za mwisho ziondoke. Nilimpa sharti: solo lako lianze na noti tatu za wimbo wa bibi yako, uzirudie mara nne, ndipo uende unakotaka. Akifika mara ya nne huwa hataki tena kwenda mbali.

Ukifika ukumbini

Weka spika chini ya usawa wa meza, zisimtazame mgeni usoni. Kisha mwachie fundi mitambo vyombo, nenda kasimame kwenye mlango wa jikoni wakati wenzako wanapiga. Ukisikia vijiko vinagonga sahani, sauti iko sawa. Usipovisikia, punguza.

Kasi: mguu ukanyage kama mara 60 hadi 70 kwa dakika, mikanyago minne kwa kila hesabu kumi na sita. Bendi ya harusi itakimbia bila kujua, hasa mwenye dramu akimwona mtu mmoja anatikisa bega. Mimi huvaa saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde na kuiangalia bila aibu.

Umeme ukikatika usisimame. Gesi inatoka Msimbati hapo, lakini giza bado linatutembelea, basi jiandae. Gita, chelewa, tumba na sauti vinatosha, na wimbo wa mama umepata makofi mengi zaidi gizani kuliko kwenye taa. Mpiga besi hapo hupumzika, naye ndiye pekee anayeomba umeme uendelee kukatika.

Na usitegemee utajiri. Donato mwenyewe kati ya miaka ya sabini na tisini ana rekodi chache sana, kisha katikati ya miaka ya tisini akatoa Coisas Tão Simples, yaani vitu rahisi kabisa. Tuzo ya Grammy ya Kilatini aliipata 2010, na mwaka 2022 alikuwa bado anatoa nyimbo mpya. Alifariki Rio tarehe 17 Julai 2023, ana miaka 88. Jumamosi iliyofuata tulipiga Muito à Vontade pale Shangani, bila kumtangazia mtu. Mimi napata elfu thelathini kwa usiku, na sahani ya pweza kama jikoni wako katika hali nzuri.

Wiki iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, simu ililia. Nikadhani kuna msiba kijijini. Alikuwa mpwa wangu, amekaa nje kwao Chikongola na gita tangu usiku. "Mjomba," akasema, "ile ya kumi na moja haipigwi kwa mkono. Unaiacha kidole kiidondoshe. Sikia." Akaiweka simu chini, nikasikia jogoo, halafu gita.